Kufuta kusikofuta: Kwa nini flashi hujikokota

MWANAFUNZI wangu mmoja wa uzamili alinijia juma lililopita akiwa amenuna. Alikuwa amerekodi masimulizi ya wazee kwa ajili ya utafiti wake, kisha akayakata vipandevipande: faili 9,000 hivi, kila moja sentensi moja. Sasa alitaka kuniachia nakala.

“Mwalimu, filamu nzima inaingia dakika chache tu, lakini hizi sauti zimekesha na bado. Kwani hii flashi ni feki?”

Nilimwambia flashi yake haina hatia. Tatizo limejificha katika kitenzi kufuta.

Jina lenyewe linatudokezea jambo. Mhandisi Fujio Masuoka wa Toshiba, Japani, alibuni kumbukumbu ya aina hii miaka ya 1980, na mwenzake Shoji Ariizumi ndiye aliyependekeza jina, kwa kuwa ufutaji wake ulimkumbusha mmweko wa kamera. Kwa hiyo waliotupa istilahi diski mweko walipatia, ingawa sokoni itabaki kuwa flashi tu. Jina limetokana na kufuta, si kuandika.

Chukua mfano wa ubao wa darasani usioruhusu kufuta neno moja. Ukitaka kurekebisha nukta tu, sharti unakili yote yanayofaa kwenye ubao mwingine, ndipo ufute ule wa kwanza wote kwa mpigo. Ndivyo flashi ilivyo. Huandika kwa kurasa, aghalabu za kilobaiti 4 hadi 16, lakini hufuta kwa bloku zenye mamia ya kilobaiti au hata megabaiti kadhaa. Maandishi mapya hayakai juu ya yale ya zamani.

Hapa ndipo mfumo wa faili unapoingia. Huyu ni karani anayeamua nini kiandikwe wapi. FAT32, mfumo mkongwe ulio kwenye flashi nyingi, hutunza jedwali mwanzoni mwa diski, tena kwa kawaida nakala mbili. Filamu moja huandikwa mfululizo na marekebisho ya jedwali huwa machache. Faili 9,000 humrudisha karani maelfu ya mara palepale, kwenye jedwali na kwenye orodha ya folda, kubadilisha mstari mmoja mmoja. Kila kimstari hicho kinaweza kuilazimu flashi ihamishe bloku nzima.

Mifumo kama NTFS na ext4 ina shajara: badiliko huandikwa humo kwanza, kisha mahali pake. Ni kazi ya ziada, lakini stima ikipotea katikati, mpangilio wa diski hauvurugiki. Kwa jinsi stima inavyopotea huku kwetu, gharama hiyo naikubali bila kinyongo. Wako pia waliokataa kabisa kurudi nyuma. Mapema miaka ya 1990 huko Berkeley, Marekani, Mendel Rosenblum na John Ousterhout waliunda mfumo unaoandika kila kitu mbele kwa mbele, mithili ya kumbukumbu za kikao. Walilenga diski za kuzunguka, ila wazo liliifaa flashi zaidi. F2FS ya Samsung, iliyoingia katika Linux mwaka 2013, imejengwa juu yake.

Ama kufuta kwa mtumiaji ni kitu kingine kabisa. Ukifuta faili, karani hutia alama tu kwamba nafasi ni wazi. Diski haijaambiwa, hivyo huendelea kuhamisha takataka zile kana kwamba ni mali, na uandishi huzidi kuzorota. Ndiyo maana ikabuniwa amri ya TRIM, ambayo Windows 7 ilianza kuituma mwaka 2009. Flashi nyingi za bei nafuu haziielewi.

Nilimshauri afunge faili zote katika zip moja kwenye kompyuta, ndipo anakili. Chai yangu haikuwa imepoa alipomaliza.

Kisha akanyamaza kidogo. Mzee mmoja alikuwa amebadili nia na kuomba sauti yake iondolewe. “Nilishaifuta humu, Mwalimu. Si imeenda?”

Nikamwambia flashi hiyo asimpe mtu.