Pikapu ya kubebea pamba: Injini ya zamani au ya kompyuta?

Msimu wa pamba ukifunguliwa, mizigo ya Nassa, wilayani Busega, huanza kutafuta magari. Barabara kuu ya Mwanza hadi Musoma ni ya lami, lakini pamba na mpunga hutoka vijijini, kwenye njia za udongo mweusi, ambako kituo cha mafuta kikiwa mbali dizeli hununuliwa kwenye madumu. Mkulima anayetaka pikapu iliyotumika aanzie hesabu yake hapo, kabla ya kuuliza bei.

Chukua Toyota Hilux mbili. Ya zamani ina injini ya 3L, yenye sentimita za ujazo 2,779. Pampu yake huzungushwa na injini yenyewe, hupima dizeli na kuisukuma kwenye nozeli bila kompyuta. Nozeli humwaga mafuta katika chumba kidogo kilichomo ndani ya sailenda hedi, na moto huanzia humo. Mfumo huo hauhitaji shinikizo kubwa, na fundi mzoefu wa kijijini huufahamu. Ubaya ni kwamba joto jingi hupotelea kwenye kuta za chumba hicho. Gari linakunywa mafuta, na nguvu zake ni kama farasi 90 tu.

Ya pili ina 1KD-FTV, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2000. Ujazo wake ni 2,982, si tofauti kubwa, lakini katika Hilux nyingi nguvu hupita farasi 160. Ina turbo, na dizeli hukaa katika bomba moja la pamoja kwa shinikizo linaloweza kuzidi la hewa ya kawaida mara 1,300. Kompyuta ndiyo inayoamua kila nozeli ifunguke lini na kwa muda gani. Mafuta huungua vizuri, na kwa mzigo uleule lita hupungua.

Tatizo ni nozeli hizo. Nafasi zake ni finyu mno, na dizeli ndiyo inayozilainisha. Iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa huzisaga. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuua biashara hiyo, lakini maji na vumbi la ndani ya dumu havijui ushuru. Zikiharibika, spana haitoshi. Zinataka mashine ya kuzipimia, na seti ya nne si bei ya mchezo.

Anayesafiri kwenda Mwanza kila wiki na kujaza kituoni atanufaika na 1KD, ilimradi abadilishe filta mapema na kumwaga maji yanayotuama humo. Anayezunguka vijijini na madumu, 3L inamfaa zaidi.

Hata hivyo 3L isinunuliwe kwa macho. Ikichemka, sailenda hedi inaweza kupasuka. Muuzaji aulizwe mkanda wa injini ulibadilishwa lini. Kisha injini ikiwa inanguruma, kifuniko cha oili kifunguliwe: moshi ukitoka kwa nguvu, ringi zimekwisha, na gharama ya oveholi ikatwe kwenye bei papo hapo.