Sarafu ya Mtaa

Fedha za kompyuta husikika kwa habari za matajiri wa ghafla na waliotapeliwa. Leo twende Mombasa.

Mwaka 2013, katika mtaa wa Bangladesh huko Mikindani, wenye biashara ndogo ndogo walianza kutumia vocha zao wenyewe, Bangla-Pesa. Muuza maji ana maji, fundi cherehani ana ufundi, ila shilingi hakuna. Basi fundi hununua maji kwa vocha, na muuza maji hushonewa suruali kwa vocha ile ile. Shilingi chache zilizopo hubaki za kodi na karo. Serikali ilishtuka: watu sita walikamatwa, wakidaiwa kughushi. Mwaka huo huo mashtaka yakafutwa.

Baadaye karatasi zilihamia kwenye simu kwa jina la Sarafu. Hesabu zake hutunzwa kwa ufundi wa ukoo mmoja na bitcoin, yaani daftari lenye nakala katika kompyuta nyingi. Lakini hii haikukusudiwa kufichwa ipande bei. Thamani yake ni muuza maji kuipokea. Akikataa, hakuna benki ya kumshtakia.