Mafiga matatu ya nyumba: mfuko, masomo na afya



Kila mara tunapokaa katika barza pamoja na wakimbizi wa ndani, maswali yanayorudi ni yale yale. Wanasema shule ya msingi ni ya bure, mbona mtoto anarudishwa nyumbani? Wanasema kuzaa ni bure, mbona mama anazuiliwa kituoni kwa sababu ya deni? Mbona ONG moja inatoa pesa na nyingine inatoa kuponi? Haya yanaonekana kama maswali matatu, lakini kwetu ni swali moja: familia iliyopoteza shamba na nyumba isimamishwe namna gani tena? Tumeona vema kueleza yale ambayo watafiti wamegundua hapa kwetu Kongo, na yale ambayo sheria inasema, ili kila mmoja ajue haki yake na kazi yake.

SHIDA MOJA INAZAA NYINGINE

Wote tunajua kwamba chungu kinasimama juu ya mafiga matatu. Figa moja likitoka, chungu kinamwagika, hata kama mengine mawili ni imara. Katika nyumba mafiga hayo ni mfuko wa familia, masomo ya watoto na afya ya wote.

Tuchukue mfano ambao kila kiongozi wa kambi anaujua. Baba alikuwa mkulima, sasa anatafuta kazi ya siku katika shamba la mwingine. Mtoto mdogo anashikwa na malaria. Pesa ya wiki inakwisha kwa dawa, na bado deni linabaki. Mkubwa, msichana wa miaka 14, anaachishwa shule ili abebe mizigo sokoni. Baada ya miezi michache mtu anakuja kumposa, na wazazi wanaona mahari kama mlango wa kutoka katika deni. Ugonjwa wa siku nne umekata masomo ya mmoja na kuweka maisha ya mwingine hatarini. Tena nyumba yenye madeni ni nyumba ya ugomvi: baba na mama hawasikilizani, na jirani anayedai haongei nao tena.

Shida hii si ya wachache. Kadiri ya Benki ya Dunia, katika mwaka 2024 Wakongomani zaidi ya 73 katika 100 waliishi na chini ya dola 2.15 kwa siku. Uchunguzi mkubwa wa afya uliofanywa nchini mwaka 2013-2014 ulionyesha kwamba watoto 43 katika 100 walio chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Pia ulihesabu akina mama 846 wanaokufa kwa sababu ya mimba au kuzaa, kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa wazima. Mtoto aliyedumaa anachelewa kufahamu darasani, na mtoto aliyefiwa na mama mara nyingi anaacha shule.

Vita imeongeza uzito. Mwezi wa kumi 2023, Shirika la Kimataifa la Uhamaji lilihesabu wakimbizi wa ndani karibu milioni 6.9 katika nchi yetu. Wengi wao hawaishi kambini bali kwa ndugu, marafiki na watu wema. Mwezi wa pili 2025, kambi nyingi za kando ya Goma ziliondolewa, na familia zikatawanyika tena, nyingine zikirudi katika vijiji ambako nyumba na shule zilikuwa zimebomolewa.

WATAFITI WAMEGUNDUA NINI?

Kwanza, familia inajua inachokosa. Katika mwaka 2011 na 2012 utafiti ulifanywa katika kambi moja ya Masisi, Kivu ya Kaskazini. Familia kadhaa zilipewa pesa mkononi. Nyingine zilipewa kuponi za thamani ile ile, za kununua vitu katika soko lililopangwa. Wengi waliogopa kwamba wenye pesa wangeharibu na watoto wangelala njaa. Haikuwa hivyo. Upande wa chakula, hakukuwa tofauti kati ya makundi haya mawili. Wenye kuponi walilazimika kununua vitu ambavyo hawakuhitaji sana, na sehemu yake wakaiuza tena ili wapate pesa. Kwa shirika pia kuponi ziligharimu zaidi. Hii haisemi kwamba pesa ni dawa ya kila mahali: pale ambapo soko halina unga, au njia ina wanyang'anyi, msaada wa vitu unaweza kufaa kuliko pesa. Lakini kiongozi asikubali neno la kwamba maskini hawezi kushika pesa.

Pili, mali ndogo inayozaa inatuliza roho. Huko Walungu, Kivu ya Kusini, kuna mradi wa kukopesha nguruwe wadogo. Familia inapokea nguruwe mmoja, inamfuga, na akizaa mara ya kwanza inarudisha watoto wawili ambao wanapewa familia nyingine. Watafiti waliporudi baada ya miezi 18, familia zilizopokea nguruwe zilikuwa na madeni kidogo kuliko zile zilizokuwa bado zinangoja. Watu wake walisema wanajisikia wazima zaidi, na hofu na mawazo mabaya ya vita yamepungua. Hakuna aliyewapa dawa ya hofu. Walipewa mnyama, kazi ya kila siku na matumaini ya kesho. Kwa wale ambao imani yao hairuhusu nguruwe, au wasio na nafasi ya zizi, njia hii inaweza kujaribiwa kwa mbuzi, sungura au simbilisi.

Tatu, moyo uliojeruhiwa unahitaji kikundi. Katika mwaka 2013 ulitolewa utafiti juu ya wanawake 405 wa Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini waliopatwa na jeuri ya kingono. Wote walisaidiwa. Lakini katika vijiji fulani walisaidiwa mmoja mmoja, na katika vingine walikaa katika vikundi na kufundishwa namna ya kupambana na mawazo yanayowatesa. Walioongoza vikundi hawakuwa waganga bali wasaidizi Wakongomani waliofundishwa na kufuatiliwa vizuri. Miezi 6 baada ya mafundisho kwisha, kati ya waliokuwa katika vikundi ni 9 tu katika 100 waliobaki na dalili za huzuni kubwa au wasiwasi mkubwa. Kati ya waliosaidiwa mmoja mmoja walikuwa 42 katika 100. Mama aliyepona moyo anaweza tena kulima, kuuza na kulea.

Nne, kumsomesha msichana ni kuokoa watoto atakaowazaa. Utafiti uliotolewa mwaka 2010, uliochunguza nchi 175, ulionyesha kwamba karibu nusu ya vifo vya watoto wadogo vilivyopungua kati ya 1970 na 2009 ilitokana na masomo ya wanawake. Mama aliyesoma anatambua hatari mapema, anafuata chanjo na haogopi kumwuliza muuguzi. Kwa hiyo pesa ya masomo ya msichana haipotei, hata kama ataolewa mbali.

SHERIA INASEMA NINI?

Juu ya shule. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, inasema kwamba shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ni ya bure. Hata hivyo, tangu miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kulipa walimu vizuri, wazazi ndio waliobeba mshahara wao. Serikali ilianza kutekeleza neno hilo la Katiba mwezi wa tisa 2019, na mamilioni ya watoto waliingia au walirudi darasani. Shule za makanisa na za Waislamu zinazofanya kazi chini ya mapatano na serikali zimo pia. Shule za watu binafsi hazimo, wala masomo ya sekondari hayamo.

Tuseme ukweli: bure hiyo haijamaliza gharama zote. Kuna shati jeupe, daftari, kalamu na viatu. Madarasa yamejaa kupita kiasi, na kuna walimu ambao bado hawajaingia katika orodha ya mshahara, ndiyo maana wengine wanawaomba wazazi pesa kwa jina lingine. Tunaelewa njaa ya mwalimu, lakini kumfukuza mtoto hakumlishi mwalimu. Mahali pa kupeleka jambo hili ni komite ya wazazi, kisha mkaguzi wa shule.

Juu ya kuzaa. Mpango wa serikali wa kujifungua bure ulianzishwa Kinshasa mwezi wa tisa 2023, na baadaye ukapelekwa katika majimbo mengine hatua kwa hatua. Unahusu kupimwa wakati wa mimba, kuzaa kwa njia ya kawaida au kwa kupasuliwa, na matunzo ya mtoto mchanga. Lakini haufiki katika kila kituo. Kwa hiyo msingoje siku ya uchungu. Mama mjamzito au mjumbe wa afya aulize mapema katika ofisi ya zone ya afya: ni kituo gani hapa kimeandikwa katika mpango?

Juu ya cheti cha kuzaliwa. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 inataka mtoto aandikishwe katika siku 90 tangu kuzaliwa, na kuandikisha katika muda huo ni bure. Siku hizo zikipita, lazima kupitia mahakama, na hapo kuna safari na gharama. Kwa familia inayokimbia, karatasi hiyo inasaidia mtoto kuingia shule na kutambulikana akipotea njiani.

Juu ya ndoa. Sheria hiyo ya 2009 inakataza kumposa na kumwoza mtoto. Sheria ya jamaa iliyorekebishwa mwaka 2016 inasema wazi kwamba miaka ya kuoa na kuolewa ni 18, kwa msichana na kwa mvulana. Tangu marekebisho hayo, mke hahitaji tena ruhusa ya mume ili afanye mambo yake mbele ya sheria. Wote wawili wanapaswa kusikilizana.

Juu ya waliohamishwa. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya wakimbizi wa ndani zinasema kwamba wana haki ya masomo, matunzo ya afya, karatasi zao na kukaa pamoja na jamaa yao. Kuhama hakumwondolei mtu uraia. Mtoto wa kambini ana haki katika shule ya kijiji sawa na mtoto wa chifu.

TUFANYE NINI?

Kwa wazazi:
- Andikisheni mtoto kabla ya siku 90, hata kama mko kambini.
- Mpelekeni mgonjwa kituoni siku ya kwanza ya homa. Malaria iliyochelewa inagharimu mara nyingi zaidi.
- Ingieni katika kikundi cha kuweka na kukopeshana, kama AVEC, MUSO au likelemba. Wekeni na mfuko mdogo wa dharura, ili ugonjwa usiuze daftari za watoto.
- Baba na mama wakae pamoja kuamua matumizi ya msaada kabla haujafika, si baada.

Kwa viongozi:
- Kila mwezi hesabuni watoto wasiosoma na andikeni sababu. Orodha hiyo ina nguvu mbele ya serikali na ONG kuliko malalamiko ya mdomo.
- Katika orodha za msaada, msiwasahau wanaoishi katika familia za watu, wala familia zinazowapokea. Aliyegawa unga wake kwa miezi sita amekuwa maskini pia.
- Someni orodha mbele ya watu wote. Jina lililoandikwa kwa siri linazaa chuki.
- Msibariki ndoa ya mtoto, hata kama wazazi wa pande zote mbili wamekubaliana.

Kwa mashirika, na sisi tumo: tusije na miradi iliyotengana, huyu na shule, yule na dawa, bila kuongea. Familia ni moja, na mama yule yule hawezi kukaa katika mikutano minne kwa wiki na bado alime.

HII INAHUSU AMANI NAMNA GANI?

Wengine wanatuuliza: nyinyi ni watu wa amani, mbona mnaongea juu ya nguruwe na daftari? Tunajibu kwamba kijana aliyefukuzwa shule na asiye na kazi ndiye anayetafutwa kwanza na wenye silaha. Wenyeji na waliohamishwa wanaogombea kisima kimoja na kitanda kimoja cha hospitali ndio wanaoanza kuitana majina ya kabila. Lakini pale ambapo familia ya mwenyeji imempa jirani aliyekimbia vita mtoto wa nguruwe wake, na watoto wao wanakaa kwenye benchi moja, neno la uchochezi linakosa pa kushika.

Tunawaomba basi kila komite isome ukurasa huu katika mkutano wake ujao, kwa sauti, ili hata asiyejua kusoma asikie. Kisha mchague jambo moja tu la kuanza nalo mwezi huu. Mkianza na watoto ambao hawajatimiza siku 90, mtakuwa mmeanza vizuri, kwa sababu siku zao zinahesabika.