Herufi Inayobaki Nyuma

Ikiwa kijana wenu anawaandikia programu ya hesabu za mikopo kwa lugha ya C, mwambieni aangalie jambo hili. Getchar husoma herufi moja tu kila inapoitwa. Mweka hazina akijibu ndiyo, yaani afinye N kisha Enter, zimeingia herufi mbili: N, na ile ya mstari mpya. Hii ya pili inabaki ikingoja. Swali linalofuata, tuseme "Tufute deni?", linaichukua kuwa jibu kabla hajagusa kitu! Na kama programu huhesabu kila kisicho H ya hapana kuwa ndiyo, basi deni limekwenda.

Kwa hivyo baada ya kila jibu, programu isome na kutupa mpaka mstari uishe, ama ifike EOF, yaani mwisho. Jibu liwekwe katika int, si char, maana EOF yenyewe si herufi.