Likizo Uliyoipanga Kabla ya Kuajiriwa

Huenda baada ya kutafuta kazi kwa miezi mingi umeitwa kwenye usaili. Lakini mwezi ujao mama yako anafanyiwa upasuaji, nawe umekwisha kuahidi kumuuguza kwa siku kumi. Je, umweleze mwajiri, au unyamaze usije ukaikosa kazi?

Wengi hunyamaza. Siku ikiwadia huomba ruhusa ghafula, hali zamu zimekwisha kupangwa na msimamizi hana mtu wa kushika nafasi. Hapo mgeni kazini huonekana mdanganyifu, ingawa shida yake ni ya kweli.

Yafaa kwanza kuijua sheria. Huku Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi likizo ya mwaka yenye malipo isiyopungua siku 28 mfululizo. Hata hivyo, kwa kawaida aliyetumikia chini ya miezi 6 hana haki ya likizo yenye malipo. Tena, mwajiri ndiye mwenye uwezo wa kupanga wakati wa likizo ya mwaka. Kwa hiyo siku zako za mwezi ujao hazidaiwi. Huombwa kwa mapatano.

Wakati ufaao ni pale unapoarifiwa kuwa umekubaliwa, nawe hujatia sahihi. Mwajiri amekwisha kukuchagua, na bado ana nafasi ya kupanga kazi zake. Lakini ukiulizwa mapema zaidi, katika usaili wenyewe, sema kweli. Taja tarehe kamili, idadi ya siku, na sababu kwa ufupi. Uwe tayari kuzichukua bila malipo, au kuomba uanze kazi baada ya shughuli hiyo.

Akikubali, omba jambo hilo liandikwe katika barua ya ajira. Ahadi ni deni, lakini aliyekuahidi aweza kuhamishwa, na atakayeshika kiti chake asilitambue deni hilo. Akikataa, bado unao muda wa kukaa na ndugu zako na kugawana zamu za kumuuguza mgonjwa.

Nanyi waajiri, msimhesabu mtu huyo kuwa mvivu. Anayeeleza shida yake kabla ya kuanza kazi amewapa nafasi ya kujipanga.