Rezo inakatika nyumbani: tutafute inakatikia wapi kabla ya kumshitaki mtu



Majuma mawili yaliyopita, tulipomaliza kuhesabu pesa za likelemba, mwenzetu mmoja wa Kadutu alisimama akaomba mkopo wa dola 50. Tulidhani kuna mgonjwa, ama ni minervali ya watoto. Akasema hapana, ni modemu. Ile aliyo nayo imeharibika: mega za mwezi zinaisha kabla mwezi haujafika nusu, na mtoto wake aliye Kinshasa akipiga simu ya video usiku, uso unaganda na sauti inakatika. Ni miezi mingi hawajaonana, na ile simu ndiyo njia pekee ya wajukuu kumwona baba yao.

Kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba shida si modemu peke yake. Mke wa mtoto wake, anayekaa naye, ndiye anayekula mega usiku kwa kutazama filamu. Kwa hiyo alikuwa ameanza kuifungia modemu ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, na ufunguo anatembea nao. Mkwe alikuwa amekana, akalia, na sasa walikuwa wanakula sahani mbalimbali ndani ya nyumba moja.

Hatukumnyima mkopo. Tulimwomba siku saba tu: pesa hazitakimbia. Tukaenda kwake, watatu kati yetu, pamoja na kijana wetu mmoja anayetengeneza simu karibu na soko la Kadutu. Mwenyewe ameturuhusu kuandika tuliyoyaona, mradi tusitaje jina lake. Tunayaandika kwa sababu tunajua ugomvi wa namna hii umeingia katika nyumba nyingi za Bukavu.

Tufikiri kama kwa maji

Maji yakikosa nyumbani, hakuna mama anayekimbia kununua robine mpya. Kwanza tunafungua robine nyingine ya ndani. Halafu tunamwuliza jirani kama kwake yanatoka. Kama hata kwake hayatoki, tunajua shida iko barabarani ama mbali zaidi.

Rezo nayo ina njia yake. Kutoka simu yako mpaka modemu, hiyo ni sehemu ya kwanza, iko ndani ya nyumba. Kutoka modemu mpaka antena ya kampuni kwenye kilima, hiyo ni ya pili. Kutoka antena kwenda ulimwenguni, hiyo ni ya tatu. Na zote zinahitaji umeme. Kila sehemu ina ugonjwa wake na dawa yake. Modemu mpya haiwezi kuponya ugonjwa ulioko kwenye antena.

Siku saba za daftari

Tulichukua daftari la shule la kurasa 48. Tukapiga mistari: saa, umeme upo ama haupo, rezo ukiwa umesimama kando ya modemu, rezo ukiwa chumba cha nyuma, kwa jirani mwenye kampuni ileile kunaendaje, mega zilizobaki. Mara nne kwa siku: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 1 ya jioni, saa 4 ya usiku.

Nani aandike? Tulimpa kalamu yule mkwe. Mama mkwe alinyamaza kidogo, kisha akakubali, kwa sharti kwamba mmoja wetu apite kila jioni kuangalia. Na modemu itoke sandukuni.

Sanduku la bati

Jambo la kwanza lilionekana siku ileile. Rezo ni mawimbi ya redio, na bati linayazuia. Kijana alipima nguvu ya rezo kwa simu yenye kadi ya kampuni ileile. Nguvu hiyo huandikwa kwa namba yenye alama ya kutoa mbele yake, na kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo rezo ilivyo nzuri. Chini ya kitanda, ndani ya sanduku, ilisoma kutoa 115. Kwenye dirisha linalotazama kilima chenye antena ilisoma kutoa 93. Kwa hesabu hizo, kutoa 115 ni karibu na kufa, na kutoa 93 ni rezo ya kufanya kazi.

Kumbe kile kifungo ndicho kilichozidisha kukatika, na kadiri rezo ilivyokatika ndivyo mkwe alivyozidi kushitakiwa. Mwenye nyumba alicheka kidogo, lakini si kwa furaha.

Wengi wetu tunakaa kwenye miteremko, nyumba imeegemea udongo nyuma, paa la bati na pengine kuta za bati. Modemu iwekwe juu, upande unaotazama antena, mbali na kabati la chuma, kioo kikubwa, friji, na ile tanuri ya umeme ya kupasha chakula, kwa kuwa hiyo hutumia mawimbi yaliyo karibu sana na ya Wi-Fi. Ila isionekane kutoka njiani: dirisha la rezo lisiwe dirisha la mwizi.

Umeme

Siku ya pili na ya tano umeme ulikatika jioni. Daftari likaonyesha kwamba modemu, yenye betri ndani, ilidumu dakika 40 tu. Betri imezeeka, kwa kuwa imekaa kwenye chaji usiku na mchana. Betri ya modemu huuzwa peke yake, kwa bei ndogo kuliko modemu.

Siku ya nne umeme ulikuwapo lakini ulikuwa dhaifu, balbu inawaka kama mshumaa. Modemu ilizimika na kuwaka mara sita kwa saa moja, na kila ikiwaka inachukua muda kuitafuta antena upya. Mtu aliye chumbani anaona tu kwamba rezo imekatika.

Antena nazo zinakula umeme. Zina betri na jenereta, lakini umeme ukikosa kwa saa nyingi baadhi yake hunyamaza, na zilizobaki hubeba watu wa zote. Umeme wa mji wetu unatoka zaidi mtoni Ruzizi: kituo cha kwanza ni cha miaka ya 1950, cha pili kilimalizika mwaka 1989 na tunagawana na Rwanda na Burundi. Mji umekua mno tangu miaka hiyo. Hilo hakuna mkwe anayeweza kulijibu.

Saa za jioni

Jambo la tatu lilitokea kila siku bila kukosa. Saa 12 asubuhi rezo ilikuwa mbio. Kuanzia saa 1 ya jioni mpaka saa 4 ilikuwa inatambaa, hata umeme ukiwapo, hata ukiwa umesimama kando ya modemu. Na kwa jirani ilikuwa hivyohivyo.

Hapo shida haiko tena ndani ya nyumba. Antena moja inagawia kartie nzima, na jioni kila mtu amerudi, kila mtu ameshika simu. Ni kama barabara ya Nyawera saa za kutoka kazini: hata ukinunua motokari mpya, utasimama na wengine.

Lakini daftari lilitupa dawa ambayo hatukuifikiria. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Saa 12 asubuhi kwetu ni saa 11 alfajiri kwao, na yule mtoto anaamka saa hiyo kwa sababu ya safari ndefu ya kwenda kazini. Siku ya sita alipiga asubuhi. Watoto walimwona baba yao dakika 20, uso haukuganda hata mara moja. Mdogo alimwonyesha jino lililong'oka.

Nani anakula mega?

Lilibaki swali lililowaumiza wote wawili. Hatukutaka kubahatisha, kwa hiyo tulifanya jaribio la usiku tatu. Kila jioni kabla ya kulala tuliandika mega zilizobaki, na asubuhi tukaandika tena.

Usiku wa kwanza modemu iliwaka, simu zote za nyumbani zimezimwa. Hakuna mega iliyopungua. Hiyo ilituonyesha kwamba hakuna jirani aliyeshika neno la siri la Wi-Fi kwa kuiba. Usiku wa pili ikawashwa simu ya mkwe peke yake. Zilipungua mega 12. Usiku wa tatu ikawashwa simu ya mama mwenyewe peke yake, iko kwenye chaji kando ya mto wake, yeye amelala usingizi. Zilipungua mega 640.

Kijana akafungua simu. Mama yuko katika vikundi 11 vya WhatsApp: kwaya, ukoo, likelemba mbili, wakristo wa kartie, majirani wa zamani na vingine. Kila video iliyotumwa na yeyote ilikuwa inashuka yenyewe, hata zile ambazo hatazitazama kamwe. Na usiku simu ilikuwa inapandisha picha zote kwenda kuzihifadhi kwenye intaneti, na kusasisha programu.

Wahenga walisema: kikulacho ki nguoni mwako.

Tulikuwa tumekaa barazani. Mama aliitazama ile namba 640 kwa muda. Kisha akamwita mkwe wake, akamwambia mbele yetu: “Mwanangu, nilikusingizia. Unisamehe.” Mkwe akapiga goti akasema: “Mama, yamekwisha.” Kisha akaingia jikoni. Jioni ile walikula fufu na sambaza sahani moja, na sisi tukaalikwa.

Dada zetu, tunaomba tuseme jambo hili wazi. Kitu kisichoonekana kikipungua nyumbani, jicho letu huenda upesi kwa aliye mgeni wa ukoo, ama kwa kijana, ama kwa mtoto tunayemlea. Siku saba za daftari zingeokoa miezi miwili ya machozi.

Kwa wanaokaa karibu na mpaka

Wenzetu wa Nguba na Muhumba wana ugonjwa wao wa pekee. Simu yako inaweza kushika antena ya ng'ambo, upande wa Rwanda, kwa sababu ndiyo inayosikika zaidi. Rezo inaonekana imejaa lakini intaneti haifanyi kazi, ama unite zinakatwa ghafla kwa bei ya mgeni. Angalia jina la kampuni juu ya simu: likibadilika, ama ikitokea herufi R, umevuka mpaka bila kutoka kitini. Ingia kwenye “Paramètres”, uzime “Itinérance”, kisha uichagulie simu kampuni yako kwa mkono badala ya kuiacha ijichagulie.

Pengine shida iko mbali sana

Jumapili tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini mwa Afrika. Intaneti ikawa nzito Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Siku kama hiyo hata modemu ya dola mia haisaidii. Kama kampuni zote zinalegea kwa wakati mmoja, na jamaa walio nchi za jirani wanalia vilevile, tulia, usinunue kitu.

Mambo ya kufanya, kwa mfuatano

1. Zima modemu dakika moja, uiwashe tena. Shida nyingi ndogo huishia hapo.
2. Simama kando ya modemu. Kama hapo rezo ni nzuri na chumbani ni mbaya, tatizo ni mahali ilipowekwa.
3. Kama hata kando yake ni mbaya, mwulize jirani wa kampuni ileile. Kwake ikiwa nzuri, tazama modemu, betri, kadi na mega zako.
4. Kwa jirani nako ikiwa mbaya, andika saa. Ikirudi kila jioni, ni antena imejaa. Ikifuata umeme, ni umeme.
5. Katika WhatsApp, zima kushuka kwa video zenyewe. Zima pia kuhifadhi picha usiku na kusasisha programu.
6. Badilisha neno la siri la Wi-Fi, na umpe tu unayemjua.
7. Daftari likijaa, majirani mwende pamoja kwenye ofisi ya kampuni na barua yenye tarehe na saa. Mtu mmoja anayesema “rezo ni mbaya” hujibiwa kirahisi. Nyumba kumi zenye saa zilezile ni vigumu kuzipuuza.

Mwishowe mwenzetu hakuchukua mkopo. Alinunua ralonji ya kufikisha modemu dirishani na betri mpya. Zile dola 50 zilikwenda kwa mama mwingine, na hizo kweli zilikuwa za minervali. Rezo ya saa 2 usiku bado inatambaa, hatutawadanganya. Lakini asubuhi baba anaonekana, na mega za mwezi huu zimevuka tarehe 20.

Alhamisi ijayo njoni na simu zenu. Yule mkwe amekubali kukaa nasi saa moja baada ya mkutano, amsaidie kila mama kuzima yale yanayokula usiku. Daftari lake pia litakuwapo, kwa atakayetaka kuiga mistari.