Safari ndefu ya ndege: hatari iko kwenye miguu isiyotembea

Kutoka Goma ama Bukavu hadi kwa watoto walioko Marekani ama Kanada, safari inaweza kula siku mbili: barabara, mpaka, ndege ya kwanza, kungojea, kisha ndege ya pili. Ndege inayotoka Nairobi moja kwa moja hadi New York, peke yake, inachukua karibu saa 15. Jamaa hutayarisha paspoti, visa na ndagala za zawadi. Lakini mwili wa msafiri, hasa wa mama ama baba mwenye umri, mara nyingi hakuna anayeutayarisha.

Mtu akikaa muda mrefu bila kusogeza miguu, damu hupita polepole ndani ya mishipa ya miguu. Ndiyo sababu viatu vinabana wakati wa kushuka. Kuvimba huko kwa kawaida kunaisha kwenyewe. Kinachoogopwa ni damu kuganda ndani ya mshipa, na kipande chake kupanda hadi kwenye mapafu. Hapo mtu anaweza kufa.

Mwaka 2007, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa matokeo ya uchunguzi wake: hatari hiyo huongezeka karibu mara mbili kwa mtu aliyesafiri saa 4 ama zaidi akiwa ameketi. Kwa mtu mwenye afya nzuri inabaki ndogo, karibu mtu 1 kwa 6,000. Lakini OMS ilisema pia kwamba si ndege tu: gari, basi na treni ni vilevile, na safari zinazofuatana kwa muda mfupi zinaongeza hatari.

Jambo hilo linatugusa sisi. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa kwa ndege za abiria mwisho wa Januari 2025, wasafiri wengi walianza kupita barabarani hadi Kigali ama Entebbe. Saa za ndani ya gari zinahesabika pia. Gari likisimama, shuka, tembea.

Ndani ya ndege

Hewa ya ndege ni sawa na ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, juu kuliko Goma na Bukavu zilizo kwenye mita karibu 1,500. Tena ni kavu sana: midomo inapasuka, macho yanawasha, koo linakauka. Kunywa maji kidogo kidogo njia yote. Wazee wengi hukataa maji kwa kuogopa kwenda chooni mbele ya watu. Waelezeni mapema kwamba kwenda chooni ni faida, maana kunawainua kwenye kiti. Ombeni kiti cha kando ya njia, si cha dirishani. Pombe ipunguzwe, na dawa za usingizi ziachwe, kwani zinamfanya mtu alale bila kujigeuza.

Hewa iliyo tumboni nayo hupanuka huko juu. Maharagi mengi na vinywaji vya gazi kabla ya kupanda vitakusumbua hadi mwisho.

Ukiwa umeketi, inua visigino huku vidole vikibaki chini, kisha inua vidole. Rudia mara kwa mara. Usijaze mizigo chini ya kiti cha mbele, miguu inahitaji nafasi. Vaa nguo pana na viatu unavyoweza kulegeza.

Ndege ikianza kushuka, masikio huziba. Meza mate, piga mwayo ama tafuna kitu. Mtoto mchanga apewe ziwa wakati huo: kunyonya kunamfungua masikio.

Nani aone munganga kwanza?

Mwanamke mwenye mimba ama aliyezaa karibuni, mtu aliyepasuliwa karibuni, mgonjwa wa kansa, anayekunywa vidonge vya kuzuia mimba, mwenye uzito mkubwa sana, na yeyote aliyewahi kugandwa na damu. Munganga anaweza kumwandikia soksi maalumu za kubana miguu ama dawa. Usimeze aspirini kwa shauri la jirani. Mwenye kisukari aulize namna ya kupanga saa za dawa, maana kati ya Goma na New York kuna tofauti ya saa 6 ama 7. Dawa zote zikae kwenye mfuko wa mkononi pamoja na karatasi ya munganga, kwani valizi inaweza kuchelewa.

Kufika si mwisho. Damu iliyoganda inaweza kujionyesha siku ama wiki kadhaa baadaye. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikichoma ama pumzi ikikatika ghafla, jamaa wasiseme ni uchovu wa njia. Wampeleke hospitali mara moja, na waseme wazi kwamba mgonjwa ametoka safari ndefu.